Wageni Arobaini na Mmoja wa Kinamasi cha Pampu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimedanganya kwa maandishi, kwa kalamu ya ofisi, nikatia na sahihi. Fomu ya tamko, swali la nne: Je, una ndugu anayeishi karibu na eneo unalolifanyia tathmini? Nikaandika Hapana. Hoja yangu ni kwamba Mama Mdogo si ndugu. Mama Mdogo ni mama. Amenilea tangu nina miaka sita. Fomu haikuuliza habari za mama.

Nilipomkabidhi Mkuu wa Kitengo fomu hiyo masikio yalikuwa yananiwaka. Akaniuliza kama nina homa. Nikasema kidogo. Uongo wa pili, na saa nne haijafika.

Nijieleze, ingawa hakuna atakayesoma. Kitengo chetu kinafufua vinamasi vya maji chumvi. Zamani watu walijenga matuta ya udongo kuizuia bahari ili wapate malisho. Malisho yalikufa, matuta yakabaki. Sasa tunataka kutoboa tuta moja, bahari irudi kutandaa pale mara mbili kwa siku, majani ya chumvi yaote tena. Tuta moja tu. Fungu la fedha halitoshi mawili, na fungu jingine halitegemewi kabla ya miaka kumi. Washindani ni wawili: Kinamasi cha Pampu, ambacho ni changu, na Kinamasi cha Reli, ambacho ni cha Desimali.

Desimali anakaa meza ya dirishani. Tumemwita hivyo kwa sababu hataji namba bila tarakimu tatu baada ya nukta. Siku moja alipiga simu kusema atachelewa dakika sita nukta mbili tano sifuri. Akachelewa dakika sita. Mtu wa namna hiyo utamshindaje?

Mwamuzi ni modeli, programu ya kompyuta inayopiga hesabu ya mema ambayo kinamasi huwatendea watu bila kudai shukrani. Huvunja nguvu ya mawimbi, hupunguza mafuriko, hulea samaki wachanga, huzika hewa ukaa topeni, huwapa watu pa kutembea. Modeli ikisema, Mkuu hutia sahihi. Matokeo Jumatatu ijayo.

Na Mama Mdogo anaishi na kushona katika mtaa wa nyuma ya Pampu. Bamvua likija, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, bahari haina pa kutandaa, basi hupanda mifereji na kuingia chumbani kwake kwa njia ya tundu la bafu. Cherehani yake imesimama juu ya matofali, manne kila mguu. Mara ya mwisho maji yalifika kwenye kanyagio. Kaka yake amemwita akaishi kwake, mbali na maji na mbali na kila mteja aliyewahi kumpata. Nimemwambia asiende. Nimemwambia Pampu itashinda. Nimemwambia kwa sauti ya mtu mwenye shahada mbili.

Amesema haya, Profesa, nakungoja wewe. Sina uprofesa. Sijawahi kumsahihisha.

Jumanne, 4 Machi

Modeli huchukua saa nyingi kuzunguka, na kompyuta kubwa haina nafasi hadi mwisho wa juma. Kwa hiyo leo nimekagua viingizio vyangu kwa macho tu. Mafuriko: vizuri. Samaki: vizuri sana. Watembeleaji: 0.

Nimekiangalia hicho kisifuri kwa muda mrefu. Nacho kiliniangalia.

Modeli huwajua watembeleaji kwa picha. Watu huweka picha zao kwenye tovuti, na kila picha hubeba alama ya mahali na tarehe. Mtu mmoja, siku moja: ziara moja. Pampu haijawahi kupigwa picha na mwanadamu yeyote. Reli ina ziara 212, kwa sababu treni hupunguza mwendo kwenye kona na abiria hawana kazi ya kufanya.

Desimali aliniona nimeduwaa, akaniuliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia asante, ninatafakari. Mjanja! Anataka kuona sifuri yangu.

Nimeenda kukaa chooni dakika kumi. Nikatoka na mpango. Si udanganyifu. Pampu inastahili watembeleaji. Mimi ninawatangulia tu kuwaandika kabla hawajafika. Hata kuiandika sentensi hiyo kumenitia haya. Nimeiacha kwa sababu imekaa vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Niliomba ruhusa ya kwenda hospitali. Nikaenda Pampu na kamera.

Modeli haitazami picha, inasoma alama basi. Ningeweza kupiga tope tupu mara mia na kurudi nyumbani. Lakini mimi nikifanya jambo hulifanya kikamilifu. Ndiyo kasoro yangu, na shule zote zimeisifia. Nilitaka watu. Mama Mdogo alipotoka kwenda kutafuta nyuzi, nikaazima nguo tatu kwenye kamba ya wateja: koti refu la mzee mmoja, joho la mvua, na gauni la kijani la Mkuu wa Kitengo. Ndiyo, Mkuu anashonewa na Mama Mdogo. Mimi ndiye niliyempeleka mwezi uliopita, katika mpango mwingine ambao sitauandika hapa.

Kamera juu ya kigingi, saa yake nairudisha nyuma wiki moja kila mara, mimi mbele, uso nimeuficha kwa mwavuli. Picha zote nimezipiga juu ya tuta. Ndipo pekee pa kukanyaga. Ukishuka upande wowote unazama hadi magotini.

Sikumkumbuka mlinzi wa pampu. Yuko pale siku zote, ana kiti na redio. Nilipopita na koti alinisalimu kama mwanamume. Nilipopita na joho alisema leo wageni wamekuwa wengi, kuna nini? Nilipopita na gauni la kijani alinitazama kwa huruma, akaniuliza: dada, yule bwana wa koti refu amekuacha?

Sijui kwa nini nilisema ndiyo.

Akanipisha kwenye kiti. Akaniambia wanaume wa makoti marefu anawajua, hawadumu, na kwamba mimi bado mbichi nisijiharibie macho kwa machozi. Nikakaa robo saa nikifarijiwa. Kila nilipotaka kuinuka alisema kaa, mwanangu, dunia haina haraka. Wakati wa kuondoka tuta likanitelezesha. Upindo wa gauni umeingia topeni kiasi cha shibiri moja.

Alhamisi, 6 Machi

Ugonjwa unaendelea, nimewaambia ofisini. Nimeshinda nyumbani nikiumba watu.

Wako arobaini na mmoja. Mpenda Korongo. Mama wa Pacha. Msafiri Asiye na Haraka. Mwanafunzi wa Tope. Babu wa Darubini. Kila mmoja na tarehe zake, ziara zake, maneno yake chini ya picha. Mama wa Pacha huja Jumamosi tu kwa sababu ya shule. Msafiri Asiye na Haraka amekuja mara moja, akasema hatasahau. Jumla: ziara 287. Reli kwaheri.

Nampenda zaidi Babu wa Darubini. Mwalimu mstaafu wa jiografia, mjane, mguu wa kushoto unamsumbua kukiwa na baridi. Anaandika kwa utulivu. Chini ya picha ya korongo mmoja ameandika: Leo tulikuwa wawili, na hakuna aliyetaka kuongea. Nilipomaliza kuandika hivyo machozi yalinilengalenga. Mimi mwenyewe! Kwa ajili ya mzee ambaye goti lake nimelitunga saa sita mchana nikila mkate.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi kazini, nimekohoa mara mbili kwa ajili ya heshima. Viingizio vimeingia kwenye kompyuta kubwa. Sifuri imekuwa 287. Nimehisi mwepesi kama aliyetapika.

Halafu, saa nane, Babu wa Darubini amepata barua.

Imetoka kwa Desimali. Kwa jina lake halisi, na picha yake akiwa na tai. Anamwamkia Babu shikamoo. Anasema picha ya korongo imemgusa sana, anaomba radhi kumsumbua, lakini hana mzee wa kumweleza. Kazini kwake kuna dada mmoja mwenye akili kuliko yeye. Anapiga hesabu usiku kucha ili asiachwe nyuma naye. Amejaribu kumsalimu vizuri, amejaribu kumpa msaada, dada huyo humjibu kama anayefukuza nzi. Je, Babu angekuwa yeye angefanya nini?

Nilikuwa nimekaa hatua nne nyuma yake. Niliona kisogo chake. Alikuwa amenyoa.

Uso umeniiva hadi shingoni. Ningesema ukweli palepale kama ningekuwa mtu mwema. Badala yake Babu amemjibu. Amemwandikia: Marahaba, mwanangu. Dada huyo pengine anaona haya tu. Na katika mikutano, jizuie. Mwenye hekima hunyamaza mwenzake anapowasilisha.

Sentensi ya kwanza niliiandika kwa moyo. Ya pili niliiandika kwa ajili ya Jumatatu. Najijua.

Jumamosi, 8 Machi

Mama Mdogo ameona upindo. Nilikuwa nimeupangusa kwa kitambaa, nikaurudisha kwenye kamba nyuma ya nguo nyingine, lakini fundi huona.

Akaniita. Akaniuliza tope hili limepandaje kambani. Nikasema labda ni paka. Akasema paka. Nikasema yule wa jirani, anapenda kulalia vitambaa. Mama Mdogo akalishusha gauni, akalinyoosha mezani, akaniambia: paka huyu amelivaa, Profesa. Na mabega yake ni kama yako.

Angenipiga ingekuwa nafuu. Alichukua beseni akaanza kuufua upindo kwa vidole, taratibu, maana kitambaa kile hakitaki maji mengi. Nikamwomba nimsaidie. Akasema nenda kapumzike, wewe una mambo makubwa ya Jumatatu, mimi nimeshawaambia wateja wote kwamba bahari haitaingia tena humu ndani. Hata kaka nimemwambia asiandae chumba. Jana. Kwa simu.

Nilitaka kumuuliza kwa nini amefanya haraka hivyo. Sikuuliza. Najua kwa nini. Kwa sababu nilimwambia.

Jumatatu, 10 Machi

Nitaandika upesi kabla sijapata njia ya kujitetea.

Mkuu ana kanuni moja: matokeo ya modeli hufunguliwa mbele ya watu wote, ukutani, ili asipatikane mtu wa kuyapika kwanza. Kanuni nzuri. Kwa hiyo saa tatu tulikuwa chumba cha mikutano, wajumbe sita wa kamati inayoidhinisha, Mkuu, Desimali, mimi. Nimevaa viatu vya kubana. Mkuu akabonyeza.

Reli: 61. Pampu: 44.

Nikacheka kidogo. Nikasema lazima pana hitilafu. Mkuu akauliza hitilafu gani. Nikasema Pampu ina wageni wengi kuliko Reli! Mjumbe mmoja akasema kweli, mbona wengi hivyo, mimi nimeishi mji huu maisha yangu yote sijamwona mtu anakwenda kule kutalii.

Desimali alikuwa amejiinamia, midomo ameibana. Alikuwa anamtii Babu! Mkuu akamwambia sema, unajua kitu. Akatikisa kichwa. Mkuu akasema hii si hoja ya hiari. Basi akasema, kwa sauti ya chini, akinitazama kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Wageni wote wa Pampu wako juu ya tuta. Mradi wenyewe ni kulitoboa tuta. Ukilitoboa, hawana pa kupita. Modeli haitoi alama kwa wageni uliokuwa nao. Inatazama nini kitabadilika baada ya kazi. Reli, abiria watabaki ndani ya treni, hakuna anayepotea. Pampu inapoteza ziara 287 nukta sifuri sifuri sifuri. Kila mgeni ni hasara.

Nami nililijua hilo! Nimeifundisha hiyo modeli kwa vijana wa mafunzo. Ukurasa wa pili, herufi kubwa: modeli hulinganisha kabla na baada. Niliisoma, niliielewa, nikapata sifa kwa kuielewa. Na kwa mikono yangu nimewajaza watu arobaini na mmoja juu ya tuta, kisha nikaomba tuta libomolewe.

Hapo ningenyamaza ningepona nusu. Lakini mjumbe yuleyule akasema hebu tuwaone hawa wageni. Mkuu akafungua picha. Korongo. Koti refu. Mama wa Pacha, bila pacha. Halafu gauni la kijani likatanda ukuta mzima, mwavuli juu, tope chini.

Mkuu aliinuka akausogelea ukuta. Aliutazama upindo kwa muda. Akasema ushonaji ule anaujua, mishono mifupi, pindo mara mbili, kuna fundi mmoja tu. Akauliza, bila kugeuka, gauni lake linafanya nini kinamasini kabla yeye mwenyewe hajalivaa.

Ardhi haikupasuka. Niliisubiri.

Jumanne, 11 Machi

Ofisini kwa Mkuu, mlango umefungwa. Nimekiri. Si kwa mpangilio mzuri: nilianza na gauni, nikaenda kwa mlinzi wa pampu, nikarudi kwenye fomu, nikamaliza na Babu wa Darubini. Alinisikiliza hadi mwisho. Alichouliza ni kwa nini sikusema kuhusu Mama Mdogo. Nikasema niliogopa nitaondolewa kwenye kazi. Akasema ungeondolewa kwenye karatasi moja, Pampu ingebaki palepale.

Kisha akamwita Desimali, akamwagiza awafute watu wangu wote, mmoja mmoja, na kuzungusha modeli upya. Nilikaa pembeni nikimtazama akiwafuta. Mwanafunzi wa Tope. Mama wa Pacha. Alipofika kwa Babu wa Darubini mkono ulisimama. Alielewa. Hakugeuka. Masikio yake yalibadilika rangi, na yangu yakayafuata. Akabonyeza.

Jioni matokeo yakatoka. Reli 61. Pampu 78.

Sabini na nane! Bila mgeni hata mmoja. Sifuri ile haikuwa aibu, ilikuwa nguvu yetu: hapakuwa na cha kupoteza. Mafuriko peke yake yalitosha kuibeba Pampu hadi mwisho, kwa sababu kuna nyumba nyingi nyuma yake, na katika mojawapo cherehani imesimama juu ya matofali. Ningekaa Jumatano iliyopita nikikuna kichwa, tungeshinda.

Mkuu ameniambia: binti yangu, nani alikutuma kutia chumvi baharini? Ameniandikia onyo. Pampu ataisimamia na kuiwasilisha Desimali. Na wajumbe sasa wana shaka na namba zote zenye jina langu. Watakutana tena Alhamisi, na wanaweza kuichagua Reli kwa usalama tu. Akasema hivyo kisha akaongeza kwamba gauni analihitaji Jumamosi.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia Mama Mdogo.

Nilipanga hotuba. Nilipofika mlangoni alikuwa anaongeza tofali la tano chini ya cherehani, peke yake, akiinua mguu wa chuma kwa bega. Bamvua ni Ijumaa. Nikasahau hotuba, nikashika upande wa pili.

Nilisema kila kitu tukiwa tumeinama hivyo. Nilipofikia mlinzi na bwana wa koti refu akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa sakafuni. Akasema na kiti alikupa? Nikasema na kiti. Akasema maskini, mtu mwema, na wewe umemdanganya. Nikafikiri nimesamehewa.

Ndipo akauliza: kwa hiyo Alhamisi wanaweza kutukataa? Nikasema wanaweza. Kwa sababu ya Pampu? Nikasema hapana. Kwa sababu yangu.

Hakucheka tena. Akasema alimkatalia kaka yake kwa neno langu tu. Amelikalia neno langu kama kiti, hakulichungulia miguu. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayetaja kipimo cha kiuno. Akanipa sindano na lile gauni, akaniambia upindo umelegea pale ulipofuliwa, niushone mimi, kwa mkono, nimpelekee Mkuu mimi mwenyewe.

Nimejichoma mara tisa. Mishono yangu ni mirefu. Ameifumua mara mbili na kunirudishia.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi Desimali alipita mezani kwangu. Siku zote husema habari za asubuhi. Leo alisimama, akanitazama, akasema: Shikamoo, Babu.

Nikajibu marahaba. Ilinitoka yenyewe! Ofisi nzima ilisikia. Mhasibu bado anajifuta macho.

Nikamfuata nje nimwombe radhi. Akasema si lazima. Akasema ushauri wa kunyamaza ulikuwa wa hila, amegundua, lakini ule mwingine, wa dada kuona haya, je, ulikuwa wa hila pia? Nikasema ule ulikuwa wa kweli. Akafikiri. Akasema basi nusu. Sifuri nukta tano sifuri sifuri. Akaingia kwenye mkutano kuipigania Pampu, kinamasi kisicho chake, akiacha chake mlangoni.

Sikuruhusiwa ndani. Nilisimama kwenye korido saa mbili. Niliisikia sauti yake ikitaja idadi ya nyumba za nyuma ya Pampu, halafu kina cha maji ndani ya kila moja. Hakuwa na haraka.

Wamekubali. Pampu! Kwa sharti moja: kimo cha tope kutoka usawa wa bahari kipimwe uwanjani kwanza, maana majani ya chumvi hayaoti popote tu. Vipimo vikikubali, tuta linatobolewa. Vikikataa, Reli.

Na Mkuu, kwa kuwa wengine wote wana kazi, amesema aliyelipenda tope akalipime. Nimelia korido nzima. Amenirudishia imani. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine: sitagusa namba ya mtu wala ya kitu. Nimeiandika hapa kwa herufi nzito.

Ijumaa, 14 Machi

Siku nzima topeni na mpima, mama mmoja wa makamo asiyesema sana, mwenye fimbo ndefu na chombo cha miguu mitatu. Yeye anasoma kimo, mimi naandika kwenye karatasi. Vituo sitini. Tulianza maji yalipopwa, tukamaliza yakitufuata visiginoni.

Maji yamepanda hadi tofali la tatu kwa Mama Mdogo. Amepiga simu mwenyewe. Hakulalamika. Ameuliza tu kama bado asimpigie kaka yake.

Wastani wa vipimo: mita moja na sentimita arobaini na sita. Karatasi inataka angalau mita moja na arobaini. Tumepita! Kwa uaminifu! Nilimkumbatia mpima, naye alivumilia.

Lakini nimekuwa nikizitazama hizo sentimita sita tangu nifike nyumbani. Sita ni nini? Upana wa kisanduku cha kiberiti na kidogo. Wajumbe hawaniamini, watasema tumepita kwa bahati. Nyumba yote ya Mama Mdogo imekaa juu ya sentimita sita! Ninawaza ule mguu wa chuma begani mwake. Mtu mwenye moyo angewezaje kuiacha hivyo?

Nimeongeza thelathini. Kwa kila kituo, sawasawa, bila upendeleo, kwa kalamu ileile. Sasa ni mita moja na sabini na sita, kimo ambacho hakuna mjumbe atakayekibishia. Haya nimeona kidogo, lakini si kama yale ya kwanza. Safari hii hakuna mtu wa kubuni, na tope halina jina. Mpima alikuwa ameanza kunieleza jambo kuhusu kiwango cha juu, kwamba tope likizidi kimo maji hayalifikii na haliotei kitu, lakini upepo ulikuwa mkali na mimi nilikuwa nahesabu vituo.

Nimempigia Mama Mdogo. Nimemwambia asimpigie kaka yake, mambo yamekamilika. Akauliza nina hakika? Nikasema sana.

Nyuma ya karatasi kuna maelezo mengine marefu, kwa herufi ndogo ndogo. Sikuyasoma. Mbele palinitosha.